Weupe Wanne Chini ya Meza ya Kukatia

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili si langu. Ni la mdogo wangu, ambaye sasa hivi amelala hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma, kwa sababu mtu mzima wa miaka arobaini na tisa aliona afadhali apande ngazi mwenyewe kubadilisha taa kuliko kumwita jirani. Amenitumia paka wake ndani ya kikapu, sanduku la mbao la kuzalia, mzani wa jikoni na daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika: "Dada, andika kila kitu. Usitoe maoni."

Haya, naandika. Paka ni wa aina ya Siamu. Ana cheti cha ukoo kirefu kuliko cheti changu cha ndoa. Mwili ni rangi ya maziwa, uso, masikio, mkia na miguu kama vimechovywa kwenye masizi, macho ya buluu. Ana mimba pevu. Mimi na paka hatuivi chungu kimoja tangu utotoni. Nimembandika jina la Mwenye Nyumba, maana ameingia chumba changu cha kushonea, akakikagua kona kwa kona, kisha akalala juu ya kitambaa cha mteja kana kwamba mimi ndiye mpangaji.

Hayo ni maoni. Shauri yake.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Mwenye Nyumba hakula. Mdogo wangu anasema kwa simu kuwa hiyo ni dalili. Nikamwuliza dalili ya nini. Akasema, "Dada, jamani!"

Jumanne, 4 Machi

Wanne. Wa kwanza saa tatu asubuhi, wa mwisho karibu na adhuhuri. Sikufanya kitu, nilikaa tu kwenye kigoda nikiwa nimeshika mkasi bila sababu. Mama alijua kazi yake: alipasua utando, akakata kitovu kwa meno, akalamba hadi mtoto akalia. Vipofu, viziwi, masikio yamebanwa kichwani kama mifuniko ya bahasha. Hata hivyo kila mmoja alitambaa moja kwa moja hadi kwenye chuchu, akiogelea kwa tumbo. Nani aliwaelekeza?

Lakini kuna jambo. Ni weupe! Weupe pe, wote wanne, bila doa. Nilimpigia mdogo wangu kwa sauti ya chini.

"Sikiliza, usishtuke. Huyu paka wako amekudanganya. Baba yao hakuwa yule wa kwenye cheti."

Alicheka mpaka nikasikia nesi anamkemea. "Dada, wote huzaliwa hivyo. Rangi yao hushindwa na joto. Tumboni kuna joto kila mahali, kwa hiyo wanatoka weupe. Wakishatoka, sehemu zinazopoa ndizo zinazotia rangi: masikio, pua, nyayo, mkia. Subiri, utaona."

Nguo inayojitia rangi yenyewe! Nimeshona miaka thelathini, sijaiona. Nitasubiri.

Kisha sauti yake ikabadilika. Alisema Mwenye Nyumba ana miaka minane na hii ndiyo mimba yake ya mwisho, daktari amekataa nyingine. Ukoo huo ameufuata kwa vizazi sita, kila mama alimshika mwenyewe akiwa bado ana maji ya kuzaliwa. "Nahitaji jike mmoja tu, dada. Madume wana watu wanaowasubiri. Pasipo jike, imeisha."

Uzito: 88, 94, 97, 104. Kwa kuwa wamefanana kama vifungo vya shati moja, nimewafunga uzi wa kutarizi shingoni, mlegevu, rangi nne: nyekundu, kijani, njano, buluu.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari wa mifugo amekuja na viatu vya mpira na harufu ya zizi. Aliinua mikia mmoja mmoja. "Dume. Dume. Dume. Huyu hapa jike." Jike ni Nyekundu! Mdogo wangu alipopata habari aliniambia nimbusu. Nilimwambia mimi sibusu paka. Ila Nyekundu ndiye mwepesi kuliko wote, na hilo halikumfurahisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshona mikono ya mashati sita. Vitovu vimekauka na kudondoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimegundua wana viti vyao kama watu wa kanisani. Buluu chuchu ya nyuma kulia, Njano iliyo mbele yake, Nyekundu na Kijani upande wa pili. Nilimhamisha Buluu makusudi nione. Alipiga kelele, akanusa, akarudi kwake. Wanakanyagakanyaga tumbo la mama kwa mikono miwili, kushoto, kulia, ndipo maziwa yanashuka. Ukiweka kidole kifuani mwao unasikia mtetemo. Siku tano tu duniani na tayari wanaunguruma kwa raha.

Nimekaa nikiwatazama saa nzima. Mashati yamelala.

Jumanne, 11 Machi

Jicho! Kijani amefungua moja, la kushoto. La buluu ya ukungu. Halioni kitu, nilipunga mkono, wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Macho yote manane sasa. Uzito: Nyekundu 158, Kijani 163, Njano 188, Buluu 201. Nilimsogezea mkono Buluu, akanitolea "khhh!" kama nyoka, akaanguka chali kwa nguvu ya hasira yake mwenyewe. Nimecheka peke yangu.

Daktari amepiga simu: daraja limefunikwa na maji na upande wa pili kuna ugonjwa wa ng'ombe. Hatarudi huku mpaka mwezi ujao. Mdogo wangu anaingia operesheni ya pili kesho. Ameniachia agizo moja: kuanzia Jumamosi nimwongezee Nyekundu maziwa ya unga, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mara nne kwa siku.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya upumbavu.

Shingo zinanenepa, nyuzi zilikuwa zimeanza kubana. Sasa fundi akitengeneza upya nguo hufumua kwanza mishono yote, ndipo anashona. Mkono wangu umezoea hivyo. Basi nikakata nyuzi zote nne kwa mpigo, chwa chwa chwa chwa, nikawapanga kwenye taulo kwa utaratibu, nikanyoosha mkono kuchukua uzi mwekundu, mlango ukagongwa.

Ni Mama Vifungo. Huyu ni mteja ambaye hajawahi kuchukua nguo bila kulalamikia vifungo. Safari hii kaleta kitambaa cha sufu cha koti, kizuri ajabu, akanipimia mbele ya macho yangu ili nijue kwamba anajua. Vifungo vikubwa, sio vidogo. Viwe vya kahawia, ila kahawia yenye uhai. Dakika ishirini.

Niliporudi taulo ilikuwa tupu. Mwenye Nyumba alikuwa ameona mlango wazi, kasikia sauti ya mgeni, akahamisha jamaa yake yote kwenye boksi la vipande vya kitambaa chini ya meza ya kukatia. Watatu walikuwa mle ndani. Mmoja alikuwa bado njiani, kwenye sakafu ya saruji, analia. Alikuwa wa baridi kama sarafu.

Weupe wanne. Hawana hata alama.

Niliangalia chini ya mikia minne kwa miwani na tochi. Niliona kitu kilekile mara nne. Niliwapima: 162, 165, 199, 211. Wale wawili wakubwa hawana shida, ni Njano na Buluu. Lakini hawa wadogo wawili wamepishana gramu tatu, na mmoja huenda kanyonya sasa hivi, mwingine kajisaidia. Mwishowe nikamfunga mwekundu yule wa 162, kwa kuwa Nyekundu ndiye aliyekuwa mwepesi. Yule wa sakafuni, wa 165, nikamfunga kijani.

Mdogo wangu amelazwa kwenye usingizi wa dawa. Simwambii. Kuna haja gani ya kumtia presha?

Jumamosi, 15 Machi

Nyekundu 179. Kijani 163. Maziwa yanamkubali Nyekundu, ananyonya bomba utadhani analidai.

Jumapili, 16 Machi

Nyekundu 195. Kijani 162. Mvua haikukatika.

Jumatatu, 17 Machi

Nyekundu 209. Kijani 160. Njano ameichukua chuchu ya Kijani, na Kijani hamgombezi. Masikio yamesimama kidogo. Nilidondosha mkasi wote wakashtuka, kumbe wanasikia. Kijani alishtuka wa mwisho.

Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu kaamka, sauti nzito, jambo la kwanza: "Nisomee."

Nikamsomea. Alinisimamisha katikati. "Rudia Nyekundu."

Nikarudia.

"Wiki nzima alikuwa anaongeza gramu nane, tisa. Ghafla kumi na saba? Na Kijani aliyekuwa vizuri ameganda siku hiyohiyo? Dada. Umefanya nini Ijumaa?"

Huyu mtu hata akiwa chini ya dawa anahesabu. Nikamweleza yote: nyuzi, Mama Vifungo, boksi, sakafu. Nilitarajia anifokee. Hakufoka, akasema polepole, na hiyo ndiyo mbaya zaidi: "Umewabadilisha. Huyo unayemlisha ni dume. Jike ni huyo anayepungua."

Kwa siku nne nimemnenepesha dume, na yule mmoja tu anayehitajika nimemtazama akikonda na nikaandika namba zake kwa mwandiko mzuri. Sijawahi kujichukia hivi.

Nimeacha nyuzi kama zilivyo, zisije zikatuchanganya tena. Bomba la maziwa limehamia kwa Kijani. Amekunywa matone machache akageuza kichwa.

Jumatano, 19 Machi

Naandika kwa mkono mmoja. Ngoja nieleze kwa mpangilio.

Saa nane mchana nilichungulia. Watatu walikuwa wamerundikana, mama kaenda kula. Kijani alikuwa peke yake pembeni, kiubavu, mdomo wazi. Nilimgusa. Baridi, mlaini kama kitambaa kilicholowa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikampigia daktari.

"Sema upesi," akasema, "mkono wangu uko ndani ya ng'ombe."

"Yule jike amepoa. Nimpe maziwa?"

"Usithubutu! Tumbo la baridi halisagi kitu, utamwua. Mpashe joto kwanza, taratibu, kwa mwili wako. Akishapata joto mpake maji ya sukari kwenye fizi. Akinyonya kidole, hapo ndipo umpe maziwa." Nikasikia ng'ombe, simu ikakatika.

Kwa mwili wangu. Nilimweka kifuani ndani ya blauzi, akateleza. Nikambana kwa mkono, nikaogopa nitamponda, na nilihitaji mikono kuchemsha maji. Ndipo macho yakatua kwenye sufu ya Mama Vifungo, iliyopimwa hadi sentimeta ya mwisho. Sikufikiri hata kidogo. Nilikata kipande cha viganja viwili, nikashona mfuko na mikanda ya shingoni. Cherehani yangu ni ya miguu, umeme si jambo lake. Mtoto nilikuwa nimembana kwapani.

Nikamtia mfukoni, mfuko nikautia kifuani, nguo juu yake. Halafu sikujua la kufanya. Nikikaa tu nilisikia jinsi asivyotikisika. Kwa hiyo nikarudi kwenye cherehani nikashona. Nilishona mashati, kola moja baada ya nyingine, mguu juu, mguu chini, na mwili wangu wote ukitikisika naye. Nilimwambia, "Usinifanyie hivi. Wewe ndiye peke yako. Wengine wapo watatu, wewe uko mmoja." Nilimwambia mara nyingi. Mwenye Nyumba alikuja akakaa karibu na mguu wangu, akanitazama usoni. Nikamwambia na yeye: najua, najua.

Kola ya tisa. Kitu kilinikwaruza. Nilidhani ni pini. Lilikuwa ni kucha.

Maji ya sukari. Alilamba. Nusu saa baadaye alishika kidole changu kwa ulimi, akakivuta, nguvu ndogo kama ya uzi kupita tundu la sindano. Ndipo maziwa: tone, nangoja, tone, nangoja. Gramu 157. Sasa hivi jua linatua, anapumua chini ya kidevu changu na mimi nalia kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyekufa. Mdogo wangu amepiga simu mara sita. Mara ya sita nilipokea.

Alhamisi, 20 Machi

159. Yu hai. Kila saa mbili, mchana na usiku.

Ijumaa, 21 Machi

164. Mama anamlamba chini ya mkia, maana bila hivyo hawajui kujisaidia. Mfuko wangu umeponea chupuchupu mara mbili, mara ya tatu haukupona.

Jumapili, 23 Machi

Rangi! Mdogo wangu hakunidanganya. Njano, Buluu na Nyekundu wana mstari kwenye kingo za masikio, kama mtu amepitisha penseli. Pua zimekuwa za kijivu. Lakini Kijani yuko mweupe vilevile. Niliingiwa na hofu, nikapiga simu.

"Umemweka wapi?"

"Kifuani."

"Basi ndiyo sababu. Yuko kwenye joto muda wote. Akitoka, itakuja."

Kumbe baridi ndiyo inayowapaka rangi. Nimelitafakari jambo hili kutwa nzima, nikaharibu pindo mbili.

Jumanne, 25 Machi

Kijani 203. Wamesimama! Miguu imetanuka, matumbo yanaburuta, mikia juu kama vijiti. Buluu alipiga hatua nne akasahau ya tano. Meno ya mbele yametoka, madogo kama chembe za chumvi. Kijani amerudi kwa wenzake mchana, usiku analala kwangu. Nilidhani watamkataa. Walimnusa, wakamlalia.

Ijumaa, 28 Machi

Wanacheza. Jana hawakuwa wanacheza, leo wanacheza, kana kwamba wametumiwa barua. Wanaviziana nyuma ya boksi, wanakunja migongo, wanakwenda upandeupande. Nyekundu, yule mnene, anamwonea Kijani. Nilimfokea: "Wee dume, mwache dada yako!" Nimesikia nilivyosema. Dada yako! Nimekuwa hivi lini?

Jumapili, 30 Machi

Mama Vifungo amechukua koti. Alilivaa, akageuka, akapapasa ndani.

"Mbona hakuna mfuko wa ndani?"

"Siku hizi hawaweki," nikasema.

Alifikiri. "Vifungo ni vidogo," akasema, akalipa akaondoka.

Jumatano, 2 Aprili

Nyama ya kusaga kwa mara ya kwanza. Kijani aliingia na miguu yote minne ndani ya sahani, akala akiwa amesimama juu ya chakula. 288. Mchanga wa choo wameuelewa bila kufundishwa. Kingo za masikio yake zimeanza. Anapanda sketi yangu kwa kucha hadi begani, na huko ndiko anakokaa nikishona. Mguu wa mdogo wangu umetiwa plasta, anaruhusiwa Jumapili.

Jumapili, 6 Aprili

Amekuja kwa magongo. Hakunisalimia, alikaa kwenye kiti changu, akanyoosha plasta juu ya kigoda, akasema, "Nipe."

Nikampa Kijani kwanza. Nilijidai. Nikasema, "Huyo hapo. Ukoo wako. Vizazi saba."

Alimgeuza, akainua mkia. Akamsogeza dirishani. Akainua tena.

"Dada, huyu ni dume."

"Acha mzaha."

"Wiki tano hizi, hata kipofu anaona. Njoo." Niliona. "Nipe yule mnene."

Nikampa Nyekundu. Akainua mkia, akafumba macho, akamkumbatia. "Jike huyu hapa. Tangu mwanzo umemfunga yuleyule. Aliongezeka kwa sababu ya maziwa, basi. Na huyu alipungua kwa sababu alipoa sakafuni, na chuchu yake ikachukuliwa. Mimi ndiye niliyekosea hesabu." Sijawahi kumsikia akisema neno hilo maishani. Kisha akaanza kucheka, akashika mguu, akacheka, machozi yakamtoka, jike yupo, ukoo upo, na ni mnene kama mkate.

Mimi sikucheka. Nilikaa chini sakafuni.

"Unalia nini? Tumempata!"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ile Jumatano, kama ningejua Kijani ni dume, ningemfunika kitambaa nikarudi kwenye mashati. Nisingekata sufu ya mtu. Nisingeamka kila saa mbili. Madume walikuwa watatu, mmoja akipungua wanabaki wawili, ndivyo ningesema. Nilikuwa nikimwambia "wewe ndiye peke yako" kumbe nazungumza na mwingine.

Kijani alikuwa ameshuka mapajani mwa mdogo wangu, anapanda plasta, anateleza, anapanda tena, na ncha za masikio yake leo ni nyeusi kabisa.

"Na mimi ningekuambia umwache," akasema.

Tukamtazama. Alifika juu ya goti, akakaa, akaanza kujilamba mguu kana kwamba hatupo. Mdogo wangu akaniomba nimpe simu. Alimpigia yule mtu aliyekuwa anasubiri dume wa tatu, akamwambia hakuna dume wa tatu.